Tunawakaribisha Kutuletea Makala: Uhakiki wa Mwaliko

Katika masomo yetu ya uhakiki tumezoea kushughulikia riwaya, tamthiliya na ushairi. Katika toleo hili tunapenda kuhakiki maandishi ya aina nyingine, mafupi mno, ambayo kila msomaji wa Kiswahili ameyaona mara nyingi. Kwa kawaida hukaa chini kabisa ya ukurasa wa mwisho wa jarida, jirani na anwani ya mhariri, nayo husema hivi: tunawakaribisha wasomaji wote kutuletea makala, mashairi, maoni na ushauri, mhariri ana haki ya kufupisha au kutochapisha makala yoyote. Tovuti nazo zina maneno ya jinsi hiyo hiyo, ila huko yamefupishwa zaidi yakawa vitufe: jisajili, changia, tuma.

Huenda msomaji akauliza kuna nini cha kuhakiki katika sentensi mbili. Jibu letu ni kwamba jarida la idara lisiloletewa makala hufa, na tovuti isiyoandikiwa hubaki ganda tupu. Katika nchi kama yetu, Uganda, ambako watu wengi hukutana na Kiswahili baada ya kwisha kujua lugha nyingine mbili au tatu, uhai wa maandishi ya Kiswahili unategemea sana sentensi hizo mbili zinafanya kazi au hazifanyi. Mara nyingi hazifanyi. Wahariri husema wasomaji ni wavivu. Sisi tunaona kwamba kabla ya kumlaumu msomaji ni vizuri kuusoma mwaliko wenyewe kwa makini, kama tunavyosoma shairi.

Sarufi ya mwaliko

Tuanze na kitenzi. Neno karibu asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya msingi ni ya umbali: kitu kisichokuwa mbali. Tukiliingiza katika kauli ya kutendesha tunapata karibisha, yaani kufanya aliye mbali awe karibu. Kila mwalimu anajua kwamba katika kauli ya kutendesha mwenye kazi ni mtenda. Anayelisha ndiye apikaye, na anayevusha ndiye apigaye kasia. Basi anayekaribisha naye ana kazi ya kufanya. Lakini tukiusoma mwaliko wa kawaida hatuoni kazi yoyote ya mwenyeji. Ametamka neno akakaa kitini.

Kitenzi cha pili ni kuletea. Hiki kiko katika kauli ya kutendea, na kauli hii huonyesha kitendo kinafanywa kwa ajili ya nani. Tutazame vitenzi vinavyotumika katika mialiko ya namna hii: mtuletee, mtuandikie, mtutumie. Vyote vinaelekea upande mmoja, na anayefaidi siku zote ni mhariri. Ni nadra kukuta vitenzi vya kauli hiyo hiyo vikielekea upande wa pili: tutakusomea, tutakujibia maswali, tutakusahihishia, tutakuchapishia. Mgeni anaambiwa alete, haambiwi atapewa nini.

Kisha kuna neno wote. Mwandishi wa mwaliko hulitumia kwa ukarimu, asije akamwacha mtu nje. Matokeo yake ni kinyume. Mwalimu wa shule ya sekondari anayesoma wasomaji wote hajioni humo, hudhani wanaoitwa ni wahadhiri. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hudhani wanaoitwa ni wa mwaka wa tatu. Mhadhiri naye hudhani jarida la idara ni la wanafunzi. Ikiwa wameitwa wote, kila mmoja humwachia mwenzake.

Tukiisha hayo, lipo neno makala. Makala juu ya nini, na yenye urefu gani? Mtu ambaye hajapata kuchapisha kitu akiambiwa alete makala hufikiria jambo kubwa lenye marejeo mengi na maneno mazito, akaahirisha hadi likizo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwaliko wetu humpa mgeni jembe siku ya kwanza, tena bila kumwonyesha shamba liko wapi.

Lugha iliyokuja kwa amri

Hapa Uganda kuna jambo jingine ambalo mhariri wa Dar es Salaam au Zanzibar anaweza asiliwaze. Waganda wengi wa vizazi vilivyotangulia walikisikia Kiswahili kwanza katika hali ya amri. Kilikuwa lugha ya jeshi tangu enzi ya wakoloni, kisha kikawa lugha ya vizuizi vya barabarani. Kaa chini. Leta. Fungua mlango. Mwaka 1973 utawala wa Idi Amin ulikitangaza kuwa lugha ya taifa, na tangazo hilo halikukiongezea mapenzi mbele ya watu walioiogopa serikali yenyewe. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Haya ya karibuni tunayaunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo, mtu akiyatazama kwa jicho la kihistoria ataona kwamba hata wema huu umefika kwa njia ile ile ya maagizo kutoka juu.

Kwa sababu hiyo, vitufe vya tovuti vinavyosema tuma, changia na jisajili vina uzito hapa kuliko vilivyokusudiwa. Tunajua kwamba kitufe ni kidogo na nafasi haitoshi kwa adabu. Hatusemi kila kitufe kigeuzwe utenzi. Tunachosema ni kwamba, mahali ambapo Kiswahili kimekuwa lugha ya kuagizwa, kuandika kwa hiari ndiko hasa kunakoweza kukibadilishia sura. Mwanafunzi anayeandika ukurasa mmoja wa Kiswahili juu ya jambo alipendalo, bila kuambiwa kuna alama, amefanya jambo ambalo tangazo la serikali haliwezi kulifanya. Basi mwaliko unaomwita usifanane na amri. Lugha yetu ina hali tegemezi iliyojaa heshima: tungependa utuandikie, tungefurahi ukituonyesha. Iko pale, haitozwi ushuru.

Walioitwa wakaja

Kuna wahariri walioita watu wakaja. Mwaka 1888, katika shule ya misheni ya Kiungani, Unguja, lilianzishwa jarida lililoitwa Msimulizi, na wanafunzi ndio waliolifanyia kazi. Kurasa zake zilijazwa kwa sehemu kubwa na habari zilizoletwa na walimu na wanafunzi wa zamani kutoka vituo vya bara. Jina lenyewe lilikuwa mwaliko. Jarida lilijiita msimulizi, na kusimulia ni kazi ambayo kila mtu aliyekulia katika nyumba yenye bibi anaijua.

Mfano mkubwa zaidi ni Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililoanza mwaka 1923 chini ya Idara ya Elimu ya Tanganyika. Lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni na lilikuwa na makusudi ya serikali hiyo, hilo halifichiki. Lakini wasomaji waliliandikia kwa wingi: barua, maswali, habari za miji yao na hasa mashairi. Shaaban Robert ni mmoja wa washairi ambao kazi zao zilitoka humo. Kwa nini waliandika? Kwa maoni yetu, kwa sababu waliombwa kile walichokuwa nacho tayari. Karani wa Tabora hakuambiwa alete makala. Alijua kwamba kuna mahali pa habari za mji wake, kwamba kuna mahali pa shairi, na kwamba mshairi wa mji mwingine aweza kumjibu kwa shairi katika toleo lijalo. Alijua umbo la kitu kinachotakiwa, na alijua kuna atakayemjibu.

Tena jambo hili halikuwa geni kwetu. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili ilijumuisha Uganda pamoja na Kenya, Tanganyika na Zanzibar, na kuanzia mwaka 1952 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 makao yake yalikuwa Makerere. Jarida la Kamati lilihaririwa katika kilima hicho hicho ambacho baadhi ya wasomaji wetu hukipanda kila siku. Maisha ya Tippu Tip, yaliyoandikwa na mwenyewe, yalitolewa mwishoni mwa miaka ya 1950 kama nyongeza ya jarida hilo. Anayesema Uganda ni pembezoni mwa maandishi ya Kiswahili amesahau miaka hiyo kumi.

Mbegu zisizomwagiliwa

Sasa tuje kwenye mwaliko mkubwa kuliko yote ya wakati wetu. Wikipedia ya Kiswahili, ambayo hujiita kamusi elezo huru, ilianza mwaka 2003, na leo ina makala zaidi ya 80,000. Ni kazi ya kujitolea na inastahili heshima. Msomaji wa Kiswahili anayetaka kujua habari za mji, mnyama au nchi hupata pa kuanzia, tena bure. Hakuna chuo chochote cha Afrika Mashariki kilichowapa wasomaji wa kawaida kitu kama hicho kwa Kiswahili.

Lakini tukiihakiki kama tunavyohakiki kazi nyingine, tunakuta maelfu ya makala zake ni sentensi mbili au tatu tu: mtu fulani alizaliwa tarehe fulani, ni mchezaji wa nchi fulani. Wenyewe huziita makala hizo mbegu, na chini ya nyingi kuna maneno yanayomwomba msomaji asaidie kuziongeza. Sitiari hii ni nzuri. Inakiri kwamba kilichopo bado hakijawa mmea. Hata hivyo, mkulima anajua kwamba mbegu haioti kwa kuwa imefukiwa. Inataka ardhi yake, mvua yake na mtu wa kupalilia. Mbegu juu ya mchezaji wa ligi ya mbali, ambaye hakuna mwandishi wa Kiswahili anayemfahamu, imepandwa juu ya mwamba. Anayehesabu makala peke yake anahesabu mashimo aliyochimba akadhani ni magunia ya mahindi.

Historia inatupa somo hapa. Mwishoni mwa mwaka 2009 kampuni ya Google iliandaa shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania, likaendelea hadi mapema mwaka 2010. Zawadi zilikuwapo, zikiwemo kompyuta. Wanafunzi waliandika kwa wingi, na sehemu kubwa ya waliyoandika ilikuwa tafsiri ya makala za Kiingereza. Shindano lilipokwisha, wengi wao wakaacha. Hatuoni ajabu. Waliitwa kwa zawadi, na siku zawadi zilipogawiwa mwaliko ukawa umekwisha. Tena walipewa kazi ya kuhamisha maji kutoka kisima cha mwingine. Hawakuulizwa kama kwao kuna chemchemi.

Leo swali hili limekuwa zito zaidi. Programu za tafsiri zimekuwa nyingi, na kompyuta yaweza kutoa ukurasa wa Kiswahili kwa dakika moja. Kama tunachokitaka ni wingi wa kurasa, basi mwandishi haitajiki tena na mwaliko ufutwe. Lakini kama tunachokitaka ni maarifa ambayo hayajaandikwa popote kwa lugha yoyote, hakuna programu itakayoyatafsiri, maana hakuna cha kutafsiri.

Tutoe mfano mmoja. Neno bodaboda leo linatumika hadi Mombasa na mbali zaidi. Asili yake ni mpaka wa Uganda na Kenya huko Busia, ambako waendesha baiskeli waliwabeba watu na mizigo kuvuka kutoka upande mmoja hadi wa pili, wakiita abiria kwa neno la Kiingereza la mpaka. Kiswahili kimepata neno hilo kutoka mlangoni kwetu. Wako wazee wa Busia wanaoweza kusimulia nauli zilikuwa ngapi, kiti cha nyuma kilitengenezwaje, pikipiki zilianza kuwaondoa lini. Mwanafunzi wetu aliyezaliwa huko aweza kuandika habari hizo kwa mchana mmoja. Kompyuta haiwezi.

Hapo ndipo jarida dogo la idara linapokuwa na kazi ambayo tovuti kubwa haiwezi kuifanya. Kanuni za Wikipedia hazikubali mtu aandike utafiti wake mwenyewe moja kwa moja. Hudai chanzo kilichochapishwa mahali pengine. Kanuni hiyo ina maana, kwani huzuia uzushi. Lakini kwa jamii ambayo mengi yake hayajachapishwa, maana yake ni kwamba mlango umefungwa hadi mtu achapishe kwanza mahali pengine. Mahali hapo paweza kuwa hapa. Ukurasa wa mwanafunzi juu ya baiskeli za Busia, ukiwa umehaririwa na kuchapishwa katika jarida, waweza kutajwa kama chanzo. Jarida ni ghala. Tovuti ni soko. Soko lisilo na ghala nyuma yake huuza bidhaa za watu wengine.

Chujio mlangoni

Kuna sharti moja ambalo mialiko mingi hulitaja na ambalo tunaomba litazamwe upya: makala ziandikwe kwa Kiswahili sanifu. Sisi ni walimu wa Kiswahili sanifu, ndicho tunachotahini, na hatukusudii kukiacha. Swali letu ni mahali sharti hilo linapowekwa. Likiwekwa mlangoni, wanaorudi nyuma ni wale tunaowahitaji: mwalimu wa Arua aliyejifunza Kiswahili sokoni, mwanafunzi wa Bukavu au Bujumbura anayekisema tangu utotoni lakini ameambiwa shuleni kwamba chake si safi.

Tukumbuke kitabu kidogo cha Lubumbashi. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville, kama ulivyoitwa wakati huo, kwa niaba ya watu waliokuwa watumishi wa nyumbani. Aliiandika kwa Kiswahili cha huko, kilicho mbali sana na cha vitabu vyetu vya kiada. Mtaalamu Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri na maelezo mwaka 1990, na leo wasomi wanaisoma kwa sababu inaonyesha ukoloni ulivyoonekana kutoka jikoni na uani. Kama andiko hilo lingepelekwa kwa mhariri mwenye sharti la usanifu mlangoni, lingetupwa kwa makosa ya upatanisho wa kisarufi.

Wapo watakaosema kwamba jarida la idara likichapisha lugha isiyo sanifu litawapotosha wanafunzi. Hoja hii ina uzito. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuwapo kwa mhariri. Kuhariri ni kazi inayoanza baada ya makala kufika, nayo ni mafunzo bora kuliko zoezi la darasani, kwa kuwa mwandishi huona sentensi yake mwenyewe ikinyooshwa huku maana yake ikiachwa. Chujio ni chombo cha jikoni. Ukilitundika mlangoni, hata mbivu hazitaingia.

Kilicho hatarini

Mtu aweza kudhani tunaongea habari za kurasa za mwisho za majarida. La. Somo likiwa la lazima katika shule za Uganda, walimu watahitaji vifungu vya kusoma vyenye kiwango cha wanafunzi wao. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako ni mojawapo ya lugha nne za taifa, ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Haja ni ile ile pande zote. Kama walimu na wanafunzi wa nchi hizi hawataandika, vifungu vitaendelea kuwa vya jahazi, minazi na pwani. Tunaipenda pwani. Lakini mtoto wa Moroto ambaye kila kifungu kinamwambia habari za bahari ataelewa, bila kuambiwa, kwamba Kiswahili ni mali ya watu wengine na yeye ni mpangaji.

Kwa hiyo tunaumaliza uhakiki huu kwa kuandika mwaliko wa aina tunayoidai, ili nao uhakikiwe.

Wewe mwalimu unayefundisha Kiswahili shuleni, tungependa utuandikie ukurasa mmoja juu ya kosa moja ambalo wanafunzi wako hulirudia, na lugha gani ya nyumbani inalisababisha. Wewe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, tungefurahi ukituletea maneno kumi ya Kiswahili yanayotumika kwenu ambayo huyaoni katika kamusi, na ueleze kila moja lilivyotumika ulipolisikia. Wewe unayetoka Busia, utuulizie mzee mmoja habari za baiskeli. Na wewe unayetoka Kongo, Burundi au Rwanda, uandike kwa Kiswahili cha kwenu. Kazi ya kunyoosha tutaifanya pamoja nawe, na neno lenye ladha ya kwenu halitaondolewa bila ruhusa yako.

Kwa upande wetu, kila ukurasa utakaofika ofisi ya idara, kwa mkono au kwa barua pepe, utasomwa na watu wawili. Utajibiwa katika muda wa wiki tatu, uchapishwe usichapishwe. Utarudishiwa nakala yenye masahihisho na sababu zake. Utakaochapishwa utabeba jina lako kamili na jina la mahali unapotoka. Hiyo ndiyo kazi ya mwenyeji katika kauli ya kutendesha, na msomaji atakayeona hatuifanyi ana haki ya kutuhakiki katika toleo lijalo. Nafasi yake tumeiacha wazi.